Tepe zipo, nishani hazipo: je, ni haki kuziunda upya?

Swali: Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Nina koti fupi la sufi la Jeshi la Uingereza, lile la vitani. Lebo yake ya ndani ina mwaka 1944, mikono ina alama za koplo, na ndani ya kola kuna namba ya askari na jina la ukoo kwa wino. Juu ya mfuko wa kushoto zimeshonwa tepe nne, yaani vipande vya utepe vinavyovaliwa badala ya nishani: Nyota ya 1939–45, Nyota ya Afrika yenye tarakimu 8, Nyota ya Italia na Medali ya Vita. Nishani zenyewe hazipo. Nataka kuliweka koti kwenye kabati la kioo na kutundika seti kamili kifuani. Nitumie nakala au ninunue halisi? Nichonge jina lake ukingoni? Rafiki yangu mkusanyaji anasema kuunda seti ya namna hii ni udanganyifu mtupu.

Jibu: Ndugu msomaji, rafiki yako hoja anayo, ila ameielekeza siko. Kuunda upya seti ya nishani ni kazi ya kawaida kwenye makumbusho na kwa familia zilizopoteza nishani za wazee wao, na hakuna anayedhulumiwa wakati wewe upo pale kueleza. Shida huanza siku koti linapotoka mikononi mwako. Vitu hivi huishi kuliko wenyewe. Kibandiko hudondoka, bahasha ya maelezo hutupwa, mrithi anakumbuka nusu ya ulichomwambia. Kwa hiyo kabla sijashika sindano hujiuliza: seti hii ikikutwa miaka arobaini baadaye, peke yake, itasema nini? Ikisema uongo, kosa ni la aliyeitengeneza, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Niliwahi kuletewa koti la afisa likiwa na nishani sita zinazong'aa, pamoja na daftari la kumbukumbu lililoziorodhesha zote kuwa zake. Nilipofumua mshono wa nyuma nikakuta tepe zimeshonwa kwa uzi wa poliesta, na nishani mbili zina majina ya watu wengine kabisa. Mtu fulani, zamani, alikuwa amejazia mapengo kwa ajili ya maonyesho. Aliyefuata akaandika alichokiona, na aliyemfuata huyo akanakili maandishi. Mpaka mzigo unanifikia mimi, uongo ulikuwa umeshapewa namba ya usajili.

Sasa tulitazame koti lako, maana linasema mengi kuliko unavyodhani. Nyota ya 1939–45 (mwanzoni iliitwa 1939–43) na Nyota ya Afrika zilianzishwa Julai 1943, na askari waligawiwa tepe wakati vita bado vinaendelea. Nyota ya Italia ilikuja 1945, na Medali ya Vita Agosti mwaka huohuo. Kwa hiyo koti la 1944 halikufikisha tepe zote nne kabla ya Agosti 1945. Nishani zenyewe, yaani chuma, zilianza kutolewa 1948, na askari wa nchi kavu alitakiwa aziombe mwenyewe. Zikaja kwa posta ndani ya kisanduku kidogo cha karatasi ngumu. Wengi hawakuziomba kabisa. Vita vilikuwa vimekwisha, kila mtu anatafuta maisha.

Basi koplo wako huenda hakuwahi kuzishika nishani zake. Na kama alizishika, kuna uwezekano mkubwa kwamba wakati huo alikuwa raia mwenye suti, na koti hili limekunjwa mahali. Ukizitundika nyota tatu na medali kifuani mwa koti hili, utakuwa unaonyesha siku ambayo pengine haijawahi kuwepo. Mimi hilo linanisumbua kuliko suala la nakala na halisi. Watu hubishana usiku kucha juu ya uhalali wa chuma, halafu wanalibandika chuma halali mahali ambapo mwenyewe hakulivaa.

Tepe nne zilizoshonwa ndizo alizovaa, na zinasomeka kama safari. Utepe wa Nyota ya Afrika una rangi ya mchanga wa jangwani, na mistari mitatu juu yake: mwekundu katikati kwa majeshi ya nchi kavu, buluu iliyoiva kwa wanamaji, samawati kwa wanahewa. Tarakimu 8 ni ya Jeshi la Nane, lile la Uingereza lililopigana jangwani, kwa waliohudumu ndani yake kati ya Oktoba 1942 na Mei 1943. Baada ya hapo Italia. Mtu huyu alitoka jangwani akavuka bahari, na ushahidi wa hilo ni vipande vinne vya kitambaa vyenye upana wa sentimita tatu hivi. Ukivifunika kwa chuma kipya, umeficha cha kweli ili uonyeshe cha kuazima.

Ushauri wangu basi: koti libaki na tepe zake, na seti uliyoiunda ilale pembeni, kwenye ubao wake, ikiwa na maelezo yake. Mtazamaji ataelewa kwamba hivi ndivyo nishani hizi zilivyo, wala hatadhani zilitoka kwenye kifua kile.

Halisi au nakala? Hapa inategemea vita gani na nchi gani. Nishani za Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza zina namba, cheo, jina na kikosi cha mhusika, nyota zikiwa nazo mgongoni, medali ukingoni. Kununua medali ya askari mmoja ili kuziba pengo la mwingine ni kuwakosea wote wawili: mmoja unamvua, mwingine unamvika cha mwenzake. Medali ya fedha ya vita vile ilitolewa kwa mamilioni, lakini nyingi ziliyeyushwa, hasa bei ya fedha ilipopaa mwaka 1980, na kwa askari wengi wa kawaida iliyobaki ni alama yao ya mwisho duniani. Wapo wanaolifuta jina kwa tupa na kuchonga jingine. Hao sina la kuwaambia isipokuwa kwamba kipimo huwaumbua: medali hiyo ina kipenyo cha milimita 36, na ukingo uliopigwa tupa hupungua.

Vita vya Pili ni habari nyingine. Uingereza ilizitoa nyota na medali zake bila majina, ingawa Australia na Afrika Kusini waliziandika za askari wao. Nyota ya Italia ya koplo wako ilikuwa sawa kabisa na ya yeyote aliyekuwa pembeni yake. Kwa hiyo ukinunua nyota halisi iliyokwisha kutengana na seti yake, hujamnyang'anya mtu. Ila usivunje seti iliyo kamili. Kisanduku kile cha posta chenye jina na anwani mara nyingi ndicho ushahidi pekee wa mwenye nishani zisizo na jina. Ukikitenga nazo, nishani zimekuwa yatima.

Hata hivyo, kwa koti lako ningechagua nakala, na najua wakusanyaji wengi watanipinga. Wao huona chuma halisi kina heshima zaidi. Mimi naona kina hatari zaidi. Seti ya nishani halisi zisizo na majina, iliyoshonwa vizuri kwa tepe za zamani na kuwekwa kando ya koti lenye jina, haina kitu ndani yake kitakachomfichulia mtu kwamba iliundwa juzi. Hata taa ya urujuanimno, ambayo hufanya nyuzi nyingi za kisasa zing'ae na za zamani zising'ae, itapita juu yake kimya. Nakala yenye alama haiwezi kumdanganya mtu hata akitaka kudanganyika.

Alama yenyewe isiwe ya kubandika. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, zinataka kila nakala iwe na alama ya kudumu, na sioni kwa nini mtu binafsi ajiwekee kiwango cha chini ya hicho. Mwambie fundi agonge neno NAKALA mgongoni mwa kila nyota na ukingoni mwa medali, herufi ndogo lakini zilizozama. Kisha nyuma ya baa inayobeba nishani zote, shona kipande cha utepe mweupe wa pamba kilichoandikwa kwa wino usiofutika kwa maji: seti hii iliundwa mwaka fulani kwa kufuata tepe za koti, si nishani za mwenye koti. Ukiamua kutumia halisi licha ya maneno yangu, usigonge chochote kwenye chuma. Alama yote iwe kwenye baa na kwenye utepe wa pamba, na uishone kwa mishono mingi, maana atakayekuja kuing'oa awe na kazi.

Kuhusu jina ukingoni: hapana. Kwenye nishani halisi unaharibu kitu ambacho hakitarudi. Kwenye nakala unaipa cheti cha kuzaliwa. Ubaya wa ziada ni kwamba baadhi ya askari wenyewe walipeleka nishani zao zisizo na majina kwa sonara wakachongewa kwa gharama yao, kwa hiyo jina utakalochonga leo litaonekana kesho kama ni yeye aliyelichonga. Jina lake tayari liko ndani ya kola, kwa wino wa wakati ule. Linatosha.

Usiongeze nishani ambayo tepe haziionyeshi. Familia nyingi zina simulizi la babu aliyepata nishani ya ushujaa. Labda alipata kweli, lakini nishani za ushujaa za Uingereza kwa kawaida zilitangazwa kwenye gazeti la serikali, London Gazette, na jina hutafutika. Kumbukumbu nyingine hazitafutiki tena. Mabomu ya 1940 jijini London yaliteketeza sehemu kubwa ya mafaili ya askari wa Vita ya Kwanza, na moto wa 1973 huko St. Louis, Marekani, uliunguza mamilioni ya mafaili. Ushahidi ukikosekana, acha pengo, na useme kuwa ni pengo. Kujipa nishani kunajulikana kunakofika: Idi Amin alijitunukia Victorious Cross, iliyofananishwa na Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, mpaka kwenye herufi za kifupi.

Wajuzi pia hugundua seti za kubuni kwa mchanganyiko wake. Chini ya kanuni za Vita vya Pili, aliyestahili Nyota ya Burma na ya Pasifiki alipewa ile aliyoistahili kwanza, na ya pili ikawakilishwa na klaspu, yaani kipande chembamba cha chuma juu ya utepe. Ukiona zote mbili kifuani mwa mtu mmoja, jua ni kazi ya dukani. Kosa la namna hiyo linakunyemelea wewe pia: tarakimu 8 ni ya kuvaliwa kwenye utepe peke yake. Nishani yenyewe inapotundikwa, tarakimu huondoka na nafasi yake huchukuliwa na klaspu ya Jeshi la Nane. Wengi huweka vyote viwili.

Sheria nitaipita haraka, kwa sababu mara nyingi inahusu kuvaa na kudai, haihusu kabati la kioo. Canada inakataza kuvaa nishani usiyostahili. Marekani ilikuwa na sheria ya 2005 iliyoadhibu hata kudai kwa mdomo, Mahakama ya Juu ikaitengua mwaka 2012, na ya 2013 iliyofuata inahusu anayedai ili ajipatie fedha au faida nyingine. Ila Medal of Honor, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa, hairuhusiwi kuuzwa wala kutengenezwa bila idhini. Ujerumani ni kisa kizuri zaidi: sheria ya 1957 iliruhusu askari wa zamani kuvaa nishani za vita katika umbo jipya lisilo na swastika. Nishani hizo za 1957 ni halali kabisa, na walizivaa wenyewe waliozistahili, lakini ukiiweka moja kwenye koti la 1943 umekosea kwa miaka kumi na minne. Angalia sheria ya nchi yako kabla ya kutumia alama zilizokatazwa.

Sababu ya mwisho ya kutotundika kifuani ni koti lenyewe. Nishani nne na baa ni uzito unaoning'inia kwenye sufi iliyokwisha choka, pini hushika kutu na kuacha tundu lenye doa. Sufi nayo hutoa gesi zenye salfa zinazoifanya fedha iwe nyeusi. Nyota zako si za fedha, lakini ndani ya kabati lililofungwa hata aloi za shaba hazisalimiki kwa muda mrefu. Na usizing'arishe.

Kabla hujanunua chochote, geuza koti utazame upande wa ndani, nyuma ya tepe. Kama mishono inayoonekana ni safu moja tu na hakuna matundu ya zamani pembeni yake, tepe hizo zilishonwa mara moja. Ukikuta matundu yanayounda umbo fupi zaidi, huenda alianza na tepe mbili akaongeza baadaye, na hilo lingemaanisha koti lilivaliwa kabla vita havijaisha. Piga picha upande huo kwa mwanga wa kutoka ubavuni, uniletee.