Kabla ya tarehe ya upasuaji, dai namba ya presha ya jicho

Mkuu, unauliza siku za kupumzika baada ya upasuaji? Simama hapo hapo. Mzee wako ana glakoma (ugonjwa unaoua neva ya jicho) na mtoto wa jicho (lenzi yenye ukungu), presha ya jicho 24 na bado anatia matone aina tatu, halafu mmeambiwa "lenzi ikitoka, presha inashuka, matone anaacha"? Kauli hiyo naijua. Mimi niliuziwa kauli hiyo hiyo kwenye kaunta, na mtu ambaye hajawahi kushika hata tochi ya kupimia macho, nami nikaitikia kama kasuku.

Piga hesabu. Kwenye glakoma ya pembe wazi (pembe ni kona ya ndani ya jicho ambako maji yake hutokea), kutoa mtoto wa jicho peke yake kwa kawaida hushusha presha 2 hadi 4 hivi, na baada ya miaka inaweza kurudi juu. 24 toa 3 ni 21. Kama neva ya jicho imeshaliwa sana, daktari anaweza kutaka 12 au chini yake. Hizo 9 zilizobaki atazitoa nani, yule wa kaunta?

Maneno yao yana ukweli kwenye pembe iliyoziba tu. Huko lenzi iliyonenepa huisukuma irisi, ile sehemu ya jicho yenye rangi, mbele, ikaziba njia ya maji. Ukiitoa, njia hufunguka. Utafiti wa EAGLE wa 2016 ulihusu hao, si kila mwenye glakoma. Pembe inajulikana kwa gonioskopi: jicho linatiwa ganzi ya matone, linagusishwa kilenzi chenye vioo, daktari anachungulia. Ni dakika chache. Kama mzee hajafanyiwa, hapo wanabahatisha.

Na matone ya glakoma hayaachwi kwa sababu eti mtu anaona vizuri! Lenzi mpya inang'arisha rangi, kila mtu anashangilia, kumbe glakoma inakula uga wa kuona pembeni bila maumivu. Saa 24 za kwanza presha inaweza kuruka kwa sababu ya jeli ya upasuaji iliyobaki ndani, kwa hiyo ipimwe siku hiyo au kesho yake. Baadaye matone ya steroidi, ya kutuliza uvimbe, nayo huipandisha kwa baadhi ya watu, mara nyingi kati ya wiki ya 2 na ya 6, na wenye glakoma ndio wepesi zaidi kupatwa. Kipimo cha siku ya kwanza hakitalikamata hilo. Niiteni mzee wa namba, sawa tu. Upande wa kushoto sioni vizuri tena; milango yote ya huko inalijua bega langu.

Kwa hiyo namba kwanza: daktari aandike presha anayoilenga baada ya kuona pembe, neva na uga. Glakoma ikiwa changa au ya wastani, kijibomba kidogo cha kupitisha maji ya jicho, kinachowekwa kupitia tundu lile lile la upasuaji huenda kikatosha, na pengine kupunguza tone moja. Ikiwa imekomaa, mnaongelea trabekulektomi (upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji) yenye mitomaisini (dawa ya kuzuia kovu), pamoja na upasuaji wa lenzi au kabla yake. Ikitangulia, lenzi isubiri angalau miezi 6 hivi, maana uvimbe wa upasuaji wa pili unaweza kuziba kwa kovu njia mpya ya maji.

Lenzi ya mbali na karibu kwa pamoja, achana nayo; inapunguza kontrasti, yaani uwezo wa kutofautisha kilichofifia, ambayo glakoma imeshaipunguza. Ulikuwa umeuliza nini tena? Siku za kupumzika. Muulize daktari huyo huyo, akishaandika namba.