Jibu: Bwawa la mtaani limekuwa kijani, tupulizie dawa?

Mkuu, umeuliza kama mchange hela mpulizie dawa ya magugu kwenye bwawa lenu hapo Bagamoyo, maana maji yamekuwa kijani na samaki wameanza kufa. Msipulizie. Dawa ikiua majani yote kwa mpigo, yanaozea humohumo na uozo unamaliza oksijeni. Hata perege waliobaki mtawaokota. Nenda alfajiri uangalie: wakipanda juu na kutwetatweta midomo wazi, hewa imeshapungua.

Ukijani huo ni mwani, vijimea vidogo vya majini, na kinachoulisha ni fosforasi na naitrojeni: mbolea za bustani, samadi, vyoo vya shimo, maji ya kufulia. Hapo ndipo pa kubana. Magugu maji yavuteni kwa reki, mkayatupe mbali ili mvua isiyarudishe. Matete ya ukingoni yaacheni, yanachuja (najua wapo wanaotaka ukingo ufyekwe kama kiwanja cha mpira).

Na huyo jirani uliyesema anajenga choo karibu na maji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa maji. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, akishindwa nendeni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, kabla ya masika.