Kabla Hamjagombana, Andikeni Jina la Kundi ni la Nani

Mabinti wanaoanzisha kundi la kuimba wakinifuata kutaka ushauri, hutegemea niwatajie studio au prodyuza. Mimi huwauliza: mmoja wenu akiondoka kesho, jina linabaki kwa nani? Hucheka, wakasema wao ni ndugu. Na sisi tulikuwa ndugu, wasichana watatu wa kwaya moja hapa Dar, tukizunguka kwenye harusi na sendofu.

Huwa nawatolea mfano wa Sugababes wa Uingereza. Siobhán Donaghy, Mutya Buena na Keisha Buchanan walianza London mwaka 1998, wakatoka na wimbo "Overload" mwaka 2000. Mwaka uliofuata Siobhán akaondoka, na kampuni yao ya kurekodi ikawaacha. Wengi wangeishia hapo. Wao wakamwingiza Heidi Range, wakahamia kampuni ya Island, na mwaka 2002 "Freak Like Me" ikashika namba moja Uingereza. (Kwangu mimi, hicho ndicho kikosi chao bora, na sibishani na mtu.) Mwisho wa 2005 akatoka Mutya, akaingia Amelle Berrabah. Mwaka 2009 ikawa zamu ya Keisha, ambaye alisema wazi kwamba uamuzi haukuwa wake, na nafasi yake ikachukuliwa na Jade Ewen. Waanzilishi wakawa wameisha wote, jina bado linapiga shoo.

Waanzilishi hao walipoungana tena mwaka 2012, iliwabidi wajiite Mutya Keisha Siobhan. Mutya alishawahi kuomba kulisajili jina la zamani Ulaya; alichopata kilihusu bidhaa za karatasi, zikiwemo karatasi za kufungia zawadi! Walikuja kutumia tena jina la Sugababes mwaka 2019.

Kwa hiyo, mkiwa bado mnacheka pamoja, nendeni BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Kumbukeni kwamba kusajili jina la biashara ni kitu kimoja na kusajili alama ya biashara ni kitu kingine; hiyo ya pili ndiyo inayowapa nguvu ya kumzuia mtu mwingine, na kwenye orodha ya madaraja ya alama hizo, burudani iko daraja la 41. Nyimbo zipelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kila wimbo na majina ya walioutunga. Aliyeandika mashairi haipotezi haki yake kwa sababu tu amehama kundi.

Halafu kuna mitandao. Mwenzetu alipoolewa akahamia Mwanza, tuligundua kwamba ukurasa wetu wa Instagram ulifunguliwa kwa namba yake ya simu. Kila tukijaribu kuingia, zile tarakimu za kuthibitisha zinakwenda kwake, naye yuko jikoni kwa mama mkwe, simu iko chumbani. Tuna tangazo la shoo la kupandisha jioni hiyo hiyo. Fungueni kila kitu kwa barua pepe ya kundi, na nywila waijue angalau wawili.

Sasa anayeingia. Msimlazimishe awe kivuli cha aliyetoka. Aliyeondoka kwetu alikuwa sauti ya kwanza. Tukamsukuma mgeni aifuate, akawa anakabwa koo kila tukifika kwenye kiitikio. Tulipompa sauti ya tatu, mwenzangu akapanda ya kwanza na wimbo tukaushusha kidogo, tukapata rangi mpya kabisa. Sugababes nao waliitoa upya albamu yao mwaka 2006, baadhi ya nyimbo zikiwa na sauti ya Amelle. Hiyo ni heshima kwa mgeni: anasimama jukwaani akiimba kitu chenye sauti yake.

Na kundi likivunjika, livunjike. Blu*3 wa Uganda, waliotokana na shindano la Coca-Cola Popstars mwaka 2004, walibadilishana watu pia: alitoka Cindy Sanyu, akaingia Mya Baganda. Baadaye kundi likafa, na Cindy, Lillian Mbabazi na Jackie Chandiru kila mmoja akaimba kivyake.

Mkataba wetu sisi ulikuwa ukurasa mmoja wa daftari: jina, mgawanyo wa hela, notisi ya kuondoka, nani atumie maneno "zamani wa kundi fulani". Shahidi alikuwa mama wa mmoja wetu. Aliusoma wote, akashika kalamu, akauliza magauni ya jukwaani anabaki nayo nani. Tukaongeza mstari, ndipo akasaini.