Skrini za mota barazani: tufani ikija, nizishushe au nizikunje?

SWALI: Asalam aleikum fundi. Nina nyumba ya wageni Jambiani. Baraza inayotazama bahari nimeifunga skrini tatu za mota, yaani mapazia ya wavu yanayopanda na kushuka kwa umeme, kila moja upana mita 4 na kimo mita 3. Aliyeniuzia alisema upepo ukivuma nizishushe zikinge makochi. Lakini kusi ikikaza zinavimba kama tanga mpaka naogopa. Kikitangazwa kimbunga kama Hidaya nifanye nini? Na umeme ukikatika je?

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Woga wako una akili kuliko maneno ya muuzaji. Zikunje zote juu, ziingie ndani ya boksi lake.

Umesema zinavimba kama tanga, na hapo umejijibu mwenyewe. Nahodha wa ngalawa akiona wingu limekunja uso hangoji, anatua tanga. Skrini iliyoshuka ni tanga, na mlingoti wake ni skrubu chache ukutani.

Tupige hesabu. Upepo wa kilomita 50 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kilo 12 hivi. Ukifika 100 usidhani ni kilo 24. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne, kwa hiyo ni karibu kilo 48. Skrini yako moja ina mita 12 za mraba, basi ni kama kilo 580. Wavu hupitisha hewa, sawa, punguza nusu. Bado ni watu wazima wanne wameiegemea kwa pamoja, tena wanaachia na kurudi. Na kama kuta zako ni za jiwe la matumbawe na chokaa, kama nyumba nyingi za huko, plagi za plastiki zinazoshika skrubu hutoka humo kama jino la mtoto.

Zipo skrini za kukaa chini wakati wa tufani. Kule Florida, Marekani, zinazouzwa kwa kazi hiyo hurushiwa ubao wa kilo 4 hivi kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde, kisha husukumwa na kuvutwa mara nyingi kuonekana kama zitaachia. Kama zako hazina cheti cha majaribio ya namna hiyo, ni za mbu na jua.

Wako watakaokwambia vimbunga havifiki kwetu. Ni nadra kweli, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Lakini kile cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Hidaya, Mei 2024, ilifika Mafia, si mbali.

Kunja mara Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari, usingoje upepo. Ukipandisha upepo umeshaingia, zipu iliyo pembeni mwa kitambaa huchomoka relini na kitambaa kikajiviringa upande mmoja. Halafu mota hizi, zilizo ndani ya bomba linaloviringa kitambaa, zina kinga ya joto: ziendeshe mfululizo dakika 4 au 5, zinajizima. Wengi huniita wakidhani imeungua. Iache ipoe, robo saa au zaidi, itarudi.

Umeme nao usiutegemee. Wa Unguja hutoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na hata waya ukiwa mzima, mnazi mmoja ukilalia nguzo unatosha. Kile kihisi cha upepo walichokufungia, kama kipo, cha kuzikunja zenyewe upepo ukikaza, bila umeme ni pambo. Tazama chini ya boksi, upande wa mota: pana kijitundu au kipete cha kutia mkono wa chuma wa kukoroga, skrini ipande bila umeme? Kikiwepo, jaribu leo, wala usingoje siku hiyo. Kisipokuwepo, weka jenereta ndogo tayari. Usiivute skrini kwa mikono, breki ya mota imeikamata na utavunja gia. Ikikwama chini na upepo haujafika, mimi ningekata kitambaa kwa kisu. Kitambaa hununuliwa; boksi likiruka, linaondoka na dirisha la jirani.

Reli zisafishe kila wiki. Pitisha kidole ndani: kikitoka na mchanga na unyevu wa chumvi, suuza kwa maji baridi ya mfereji, kausha, pulizia silikoni kavu. Grisi usiguse, maana mchanga wenu ukinata humo unakuwa msasa. Ukiona unga mweupe kuzunguka skrubu, alumini inaliwa, niite.

Zikishapanda, zima breka yake, maana umeme ukirudi hurudi kwa kishindo na ubao wa saketi unaopokea rimoti ndio wa kwanza kufa. Makochi yaingize ndani. Upepo ukitulia na umeme ukikaa sawa, washa, shusha skrini nusu, zipigwe na hewa mchana kutwa. Zikikaa zimekunjwa na maji ya chumvi, siku ya tatu zina ukungu na harufu ya vumba.