Ukiogopa, shuka na Pura

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodini, usiku wa kwanza nilioachiwa wagonjwa nilijifungia chumba cha dawa nikasali. Nilimwomba Mungu aniondolee woga. Haukuondoka. Dakika chache baadaye nimeshika bomba la sindano, mkono unatetemeka hata kiputo cha hewa mle ndani kinacheza. Nikajisemea, kumbe imani yangu ni ya kanisani tu.

Nilikuwa nimeamini kwamba mwenye imani haogopi. Kilichonitoa huko ni Gideoni, Waamuzi 6 na 7, na namsihi kila mgeni amsome polepole. Anakutwa akipepeta ngano ndani ya shinikizo la zabibu, amejificha Wamidiani wasimwone, na hapohapo malaika anamwita shujaa. Anatumwa kubomoa madhabahu ya Baali. Anabomoa kweli, ila usiku, maana anawaogopa watu wa kwao. Jeshi lake linapunguzwa kutoka watu 32,000 hadi 300. Kisha usiku wenyewe wa vita anaambiwa hivi: kama unaogopa kushuka kambini, shuka na Pura, mtumishi wako. Mstari huo niliupita miaka mingi bila kuuona. Woga wake unajulikana, hakaripiwi, anapewa mtu wa kufuatana naye.

Usiku ule Pura wangu alikuwa dada wa wodi ya jirani, miwani yake imefungwa gundi mkono mmoja. Nilimwita kwa aibu: "Dada, samahani, nisomee dozi hii." Akasoma kwa sauti, akanyamaza, akasoma tena. Nukta ya desimali nilikuwa nimeikosea. Mtoto niliyekuwa namwandalia angepata dawa mara kumi ya aliyoandikiwa. Hakunisema. Alinisogezea karatasi akasema, "Piga hesabu upya, mimi nipo." Tangu hapo simwamini sana muuguzi mgeni anayeniambia haogopi kitu kwa sababu ameokoka. Sali, halafu hakiki dozi na mwenzako.

Moyo wa mgonjwa ukisimama, hakuna nafasi ya sala ndefu. Kifua cha mtu mzima kinakandamizwa kwenda chini angalau sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kinaachwa kiinuke chote kabla hujakandamiza tena. Mimi huhesabu kwa sauti. Hesabu hiyo naihesabia kuwa sala, sijui wachungaji watasemaje. Kuchoka mtachoka haraka, basi mpishane kila baada ya dakika 2 hivi.

Na wengine watakufa mkiwa mmefanya kila kitu sawasawa. Msikimbilie kumwambia ndugu wa marehemu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Kaa naye, mpe kiti. Wewe mwenyewe ukitoka zamu umevunjika moyo, kumbuka nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, alipoomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Akala, akanywa maji, akalala tena. Nenda nyumbani ule, ulale. Maswali mazito ya saa kumi na mbili asubuhi yaache mpaka uamke.

Leo zamu ikianza, kabla hata ya kupokea ripoti yote, ulizia nani yupo wodi ya jirani. Nenda ukamsalimie, ujue jina lake.