Jozi mbili za soksi nene na bado vidole vya miguu vinakufa ganzi kwa baridi

Hizo jozi mbili ndizo zinazokuponza. Kiatu kikijaa mno mguu unabanwa, damu haifiki vizuri vidoleni, na ile hewa inayotunza joto inakosa nafasi. Vaa jozi moja nene ya sufu. Ukitaka ya pili, iwe nyembamba, ya ndani. Vidole lazima vicheze. Buti zijaribu ukiwa na soksi hizo hizo, na mara nyingi utahitaji namba moja zaidi.

Pamba iache kabisa, hata fulana ya ndani. Ikishalowa jasho inachelewa kukauka, na unyevu huo ndio unaokuibia joto ukisimama. Ndani vaa sufu laini au poliesta inayoshika mwili, kati sweta, juu koti lisilopitisha upepo. Zipu ifungue kabla jasho halijaanza, si baada.

Kufungasha kwa safari ya kwenye baridi ni rahisi: koti na buti safiri umezivaa, maana ndizo zinazokula nafasi. Glavu, kofia na soksi kavu ziwe kwenye begi la mkononi, ili sanduku likichelewa usitoke uwanja wa ndege mikono mitupu kwenye theluji.