Dada, achana na kimeo: mpeleke mtoto hospitali usiku huu huu

Dada, weka simu chini. Mbebe mtoto, chukua kadi yake ya kliniki na hela ya bajaji, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji. Zahanati hapana, duka la dawa hapana. Haya mengine utayasoma ukiwa kwenye benchi la mapokezi, na kwa ninavyoyajua mabenchi yetu, uzi wote utaumaliza na kuanza kujibu watu.

Umeandika hivi: mtoto ana miaka mitatu na nusu, mafua tangu Jumapili, kikohozi kinabweka kama mbwa, jana usiku homa 39.6, na akivuta pumzi kuna mlio. Sirapu ya amoksilini inaingia siku ya pili na hali inazidi. Mama mkwe kasema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, eti kikatwe, na kesho saa mbili asubuhi mna miadi kwa mkataji. Halafu ukauliza bei ya nebulaiza (mashine ya kuvuta dawa kwa mvuke) ya kuweka nyumbani, na kama mdogo wake ahamishwe chumba. Mimi nilipofika kwenye neno "mkataji" mikono ilianza kutetemeka, yaliyofuata niliyasoma nusu nusu.

Maana hiyo miadi yako nimeshaenda mimi, na kilichokuwa kinamnyonga mtoto hakikuwa kimeo, yalikuwa maambukizi ya bakteria kwenye bomba la hewa. Miaka mitano iliyopita, mwezi wa saba, kijana wangu akiwa na miaka minne. Tulikuwa tunakaa Chanika, Dar.

Ilianza hivyo hivyo, mafua ya kawaida, siku mbili anacheza. Siku ya tatu kikohozi kikaanza kubweka. Nikaenda duka la dawa, nimembeba begani, anapiga filimbi kila pumzi. Yule dogo wa kaunta hata kichwa hakuinua. "Koo hilo, mpe hii kutwa mara tatu." Akanipa sirapu, akanirudishia chenji, akaendelea na mpira kwenye simu yake. Mpaka leo nikipita pale damu inachemka. Mtoto anapiga filimbi mbele ya masikio yako, wewe unauliza kama nina chenji ya elfu kumi!

Jioni zahanati. Wakasema pumu, wakampa mvuke wa dawa mara moja, wakaturudisha. Ule mvuke haukubadilisha kitu, na hapo ndipo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikasema labda dawa inachelewa. Usiku homa ikapanda, mtoto akawa amelegea, macho yamezama, maji anameza kidogo kidogo. Mama yake akasema twende hospitali. Mimi, mwanaume wa nyumba, mtaalamu wa kila kitu, nikasema tusubiri asubuhi, usiku huu mafuta ya pikipiki yetu watatupiga bei. Nilikuwa naokoa elfu tatu.

Asubuhi jirani akaja na habari ya kimeo. Kuna mzee, kakata watoto wa mtaa mzima, wote wamepona. (Wale ambao hawakupona hawana ushuhuda, hilo nililiwaza baadaye sana.) Saa moja na nusu nilikuwa barazani kwa mzee. Nikapewa kipande cha boksi kimeandikwa 11 kwa kalamu ya wino.

Nikakaa foleni masaa matatu. Rudia kuusoma huo mstari, dada. Mtoto anakosa hewa, baba yake kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anasubiri namba. Kila akivuta, hapa chini ya koo panaingia shimo, mbavu zinabonyea ndani kama mtu anafyonza mfuko wa plastiki. Nilikuwa nayaona yote hayo. Nilichokuwa nawaza ni kwamba mzee akimaliza kumi na moja, basi, tumepona.

Vifaa vyake vilikuwa kwenye beseni la bati: mkasi mrefu, kijiko cha chai kilichokunjwa shingo, maji yaliyokwisha kugeuka rangi ya pinki. Elfu kumi na tano, unatanguliza kumi. Nikatanguliza. Nikamshika mtoto mikono kama nilivyoelekezwa, mzee akaingiza kijiko mdomoni akabonyeza ulimi.

Mtoto akakukuruka, akafungua mdomo kulia, na kilio hakikutoka. Mdomo wazi, sauti hakuna. Midomo ikageuka rangi ya zambarau iliyoiva, halafu shingo ikalegea mkononi mwangu. Mzee akarudi nyuma hatua mbili akasema, "Mmwagieni maji usoni." Wale akina mama wa foleni walikwishasimama wote, kila mmoja kamkumbatia wake. Akavuta pumzi moja, ndefu, ya kukwaruza kama bati linaburutwa kwenye zege. Hiyo pumzi ndiyo tulikimbia nayo. Mkasi haukumgusa. Kwa hiyo mzee bado ananidai elfu tano, na siku akija kudai nina la kumwambia.

Hospitali, nesi wa mapokezi hakuuliza kadi wala bima. Alisikiliza pumzi mbili tu akaita daktari kwa sauti iliyoamsha korido. Wakambana kile kipimo kwenye kidole: oksijeni asilimia 82, chini sana. Daktari akaja, binti mdogo kuliko mdogo wangu, na mimi bado na ujinga wangu nikamwambia, "Dokta, angalia kimeo." Akanijibu bila kuniangalia: "Baba, hapa hakuna anayemfungua mdomo. Ukilitaja tena hilo neno utasubiri nje."

Akamwacha mtoto mapajani kwa mama yake, hakumlaza kwa nguvu. Hewa ya oksijeni wakaishikia karibu na uso bila kumlazimisha. Akapewa adrenalini ya kuvuta kama mvuke, ya kupunguza uvimbe wa njia ya hewa. Baadaye akanieleza kwamba mtoto wa hali hii akilia na kupigana, njia ya hewa inazidi kubana, na kumchokonoa koo kunaweza kuifunga kabisa. Yaani kile kijiko cha chai kilikuwa na uwezo wa kumuua kabla hata ya mkasi. Na wewe kesho saa mbili unaenda kumpeleka kwenye kijiko.

Adrenalini haikusaidia. Hapo ndipo wakaita daktari wa usingizi na kukimbia naye chumba cha upasuaji, wakampitisha mpira kwenye bomba la hewa, trakea kwa jina la shule. Nilionyeshwa chupa ya mashine ya kunyonya. Ndani kulikuwa na usaha wa njano mzito, na vipande vya utando kama ile ngozi inayoganda juu ya uji ukiachwa usiku kucha. Hivyo ndivyo vilikuwa vimeziba. Bomba la mtoto wa umri ule ni jembamba, likivimba kidogo tu na kuta zikashika usaha, kinachobaki ni tundu la mrija wa soda. Na ule utando unaweza kubanduka na kuziba ghafla, ndiyo maana mtoto anaonekana "ana nafuu" saa nane na saa tisa huna mtoto.

Ugonjwa wenyewe ni maambukizi ya bakteria kwenye bomba la hewa. Mara nyingi kirusi cha mafua kinatangulia, kinachubua kuta, halafu bakteria wanapanda juu ya kidonda. Wanaoongoza ni stafilokokasi, na wale wengi wao amoksilini ya duka la dawa wanaigeuza juisi. Kijana alichomwa antibiotiki mbili kwa mshipa, seftriaksoni na kloksasilini, siku sita kwenye mpira na mashine ya kupumulia. Siku ya tatu mpira wenyewe uliziba usaha wakaubadilisha haraka haraka, mama yake akazimia koridoni tukawa na wagonjwa wawili. Jumla wiki mbili wodini. Pikipiki niliyokuwa naogopea mafuta yake usiku ule, niliiuza.

Kuna wachangiaji hapo juu wamesema kikohozi cha kubweka ni kirusi tu, kinaisha chenyewe. Ni kweli, mara nyingi. Kile cha kirusi kinachachamaa usiku, homa yake ya wastani, mtoto bado ana nguvu za kugoma kula, na akipewa deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe) au mvuke wa adrenalini hospitalini anafunguka. Huu wa bakteria ni adimu. Unaanza kama ule, halafu baada ya siku mbili tatu, badala ya kupungua, unageuka ghafla: homa kali, mtoto anaonekana mgonjwa hasa, na dawa za ule wa kwanza hazimgusi. Soma tena bandiko lako mwenyewe. Na akianza kudondosha mate, hawezi kumeza, amekaa ameinamia mbele, hilo nalo ni balaa jingine la kwenye kifuniko cha koo, kile kinachofunika njia ya hewa ukimeza. Siku hizi limepungua kwa sababu ya ile chanjo ya pentavalenti ya wiki ya 6, 10 na 14, lakini angalia kadi kama alimaliza zote tatu. Njia ni ile ile: hospitali, amekaa anavyotaka mwenyewe, hakuna kumlaza, hakuna kijiko.

Sasa shika kitu kimoja, mengine sahau. Mtoto akiwa ametulia, halii, hata akiwa usingizini, mvue shati, weka sikio karibu na mdomo wake. Ukisikia mlio anapovuta hewa kwenda NDANI, unaondoka saa hiyo hiyo. Sijali ni saa nane usiku, sijali kama mvua inanyesha, sijali mama mkwe kasema nini. Hilo si langu, limo kwenye mwongozo wa wahudumu wa afya wa watoto wadogo: mlio wa kuvuta pumzi kwa mtoto aliyetulia ni hatari, apewe dozi ya kwanza ya dawa, apewe rufaa ya haraka. Ile zahanati iliyoniambia pumu nilirudi baadaye kuuliza. Chati ya mwongozo huo ilikuwa ukutani kwao, imefunikwa na kalenda.

Mama mkwe usigombane naye. Mwambie kimeo kila mtu anacho, hata yeye anacho, na kinaning'inia juu kabisa mdomoni. Usaha uko chini huko kooni, ambako mkasi wa mzee yeyote haufiki. Akikazana, mwambie mtakikata mkirudi. Uongo wa namna hiyo Mungu anausamehe.

Njiani mpakate amekaa wima, usimlazimishe kunywa, usimpe ile sirapu tena, na ukifika usianze historia ya mafua ya Jumapili. Sema maneno haya haya mlangoni: "anatoa mlio akivuta pumzi na ana homa kali." Watakupisha foleni. Wasipokupisha, piga kelele, mimi nilipiga na hakuna aliyenifunga.

Bodaboda msipande, mtoto anatakiwa atulie njiani. Bajaji au gari la jirani. Ukishaingia andika hapa neno moja tu, "tumefika", nimewasha mlio wa simu.